Wasomaji Wanauliza: Gari la Kwanza Liko Juu ya Mawe, la Pili Limeshaniingia Moyoni

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Ilazo, jijini Dodoma. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia huku pamoja na wizara yetu, na kwa miaka kadhaa sasa ninamiliki Peugeot 404 ya mwaka 1968, rangi ya maziwa, ambayo niliinunua Morogoro. Kwa sasa gari hilo liko juu ya mawe uani kwangu, kwa kuwa lilichemsha nikitoka Kongwa na fundi akalazimika kufungua silinda hedi na kuipeleka kusawazishwa. Hedi haijarudi. Mwezi uliopita nilikwenda Mpwapwa kwenye arobaini ya mzee mmoja wa ukoo wetu, nikaikuta nyuma ya nyumba Land Rover 109, Series III, imesimama chini ya mkwaju, matairi yote yameisha upepo lakini bodi imekamilika hadi vioo vya nyuma. Vijana wa marehemu wameniambia kwamba wako tayari kuniachia kwa shilingi milioni 5 kwa sababu mimi ni ndugu. Tangu siku hiyo akili yangu haitulii. Nikiwa kikaoni naiona Land Rover, nikiswali naiona Land Rover. Mke wangu sijamwambia. Je, niichukue kabla hajatokea mtu mwingine, au hii ni tamaa tu ambayo nikiinyamazia itapita?
Mwenye 404, Ilazo

JIBU: Ndugu yangu wa Ilazo, barua yako nimeisoma kwa tabasamu, kwa sababu barua za aina hii huandikwa na mtu ambaye gari lake la kwanza limefunguliwa na halijafungwa. Gari lililo juu ya mawe halikupi safari wala sifa mbele ya majirani. Linakupa stakabadhi tu. Gari ambalo bado si lako, kinyume chake, linakupa raha yote bila gharama yoyote, kwa kuwa unaliendesha kichwani. Ushauri wangu nauweka mbele ili usipate taabu ya kuutafuta: usitoe hata shilingi moja kwa ajili ya Land Rover hiyo mpaka 404 iwe imekwenda Kondoa na kurudi bila kuvutwa na bila kuchemsha. Hata hivyo natambua kwamba ushauri wa namna hii haumtoi mtu kwenye mawazo, na pia inawezekana kabisa kwamba kilichoko chini ya mkwaju ule ni kitu kizuri, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Nianze na hicho ulicho nacho, kwa sababu barua yako imekitaja kwa haraka mno. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, nayo ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell. Gari lako, kwa maana hiyo, ni la mwaka uleule ambao 404 ilishinda kwa mara ya mwisho, na sioni kwa nini mtu mwenye gari kama hilo ahisi amepungukiwa.

Lakini ipo sababu ya kiufundi inayonifanya nikuhimize umalize kazi hiyo kwanza. Injini ya 404 ina bloku ya chuma na hedi ya alumini, na silinda zake ni slivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazochomolewa na zilizozungukwa na maji moja kwa moja. Hedi inapofunguliwa, slivu hizo hubaki zimekaa tu mahali pake bila kitu cha kuzikandamiza. Mtu akiizungusha injini, hata kwa kulisukuma gari likiwa kwenye gia, slivu hupanda kidogo na viziba vya chini huachia. Hapo maji huingia kwenye oili, na mtu huja kugundua baada ya kufunga kila kitu, akichomoa kijiti cha kupimia na kukuta oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kuota Mpwapwa tena, mwulize fundi wako swali moja: je, alizibana slivu kwa boliti na vipande vya chuma baada ya kuondoa hedi? Akikuangalia bila kukuelewa, tafuta fundi mwingine wa kufunga.

Uliza pia kwa nini gari lilichemsha. Maji yetu ya Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya Makutupora, yana chumvi ya kutosha, na kila mama mwenye birika la umeme anajua linavyofanya ukoko mweupe ndani. Ukoko huohuo hujijenga kwenye rejeta ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikijazwa maji ya bomba au ya kisima, na mirija yake myembamba huziba mmoja baada ya mwingine mpaka siku ya jua kali kwenye mteremko na mpando wa barabara. Tena, maji matupu yaliyokaa kati ya alumini na chuma huila alumini taratibu kuzunguka matundu ya maji, jambo ambalo kusawazisha uso wa hedi peke yake hakuliondoi. Rejeta ifunguliwe na isafishwe kwa vijiti, hedi ipimwe kama ina ufa, kisha gari lijazwe kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi. Ukifunga hedi nzuri juu ya rejeta iliyoziba, utachemsha tena kabla ya kufika Chamwino.

Sasa twende Mpwapwa. Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na namba 109 ni urefu wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tofauti na ndugu zake waliotangulia, giaboksi yake hukubali kupokea gia zote nne za mbele bila dereva kukanyaga klachi mara mbili, na hilo peke yake limewafanya watu wengi waipende kuliko Series II. Bodi ni ya aloi ya alumini, ndiyo maana umeikuta imekamilika. Bodi ya Land Rover inaweza kukaa nje miongo miwili na bado ikakutazama kama haijaguswa. Hapo ndipo wanunuzi wanapokosea. Kinachooza ni chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ambayo ni ya chuma, tena yenye uwazi ndani, kwa hiyo kutu huanzia usikokuona. Nenda na nyundo ndogo na tochi, ulale chini, ugonge chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma kwa kipimo kilekile cha mkono: palipo pazima patalia kwa mlio mkali, palipooza patatoa sauti nzito iliyokufa au nyundo itatoboa. Tumia muda mrefu zaidi kwenye chuma cha nyuma kabisa kinachopita kutoka upande hadi upande, kwenye mikono inayoshikilia bodi, na mahali springi za majani zinapofungwa. Ukikuta bati jipya limechomelewa juu ya lililooza, usikubali kuambiwa kwamba limeimarishwa.

Baada ya hapo ingia ndani, uinue mazulia kama yapo, utazame ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa chini ya pedali na pembeni mwa bawaba za milango. Huo nao ni chuma, na kuubadilisha ni kulibomoa gari zima. Kwenye magurudumu ya mbele tazama yale matufe ya chuma yanayong'aa nyuma ya habu. Yakiwa yamepata vidonda vya kutu, sili hazitadumu na oili itamwagika kila siku. Injini usiogope sana. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni ya kazi, haina makuu, na kama haijakwama inaweza kuamshwa. Lakini mtu asiizungushe kwa nguvu kabla ya kutoa plagi na kumimina oili kidogo kwenye kila silinda na kuiacha ilale usiku mzima.

Hali ya hewa ya kanda yetu inakupendelea kwa jambo hili. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu, kwa hiyo gari lililokaa Mpwapwa au Kongwa huwa na kutu kidogo kuliko lile lililokaa Tanga au Bagamoyo kwenye upepo wa bahari. Uliza basi, gari hilo lilifanya kazi wapi kabla ya kufika chini ya mkwaju? Kama lilitumika pwani kwa miaka mingi, ukavu wa Mpwapwa umechelewesha tu. Na jua letu nalo lina ukatili wake: hukausha mpira, na gari lililosimama muda mrefu litakuhitaji ubadilishe hozi zote, raba za breki, mikanda na matairi, hata kama kwa macho yanaonekana mazima.

Suala la karatasi ndilo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko kutu. Umesema "vijana wa marehemu" wako tayari kukuachia. Wangapi? Wote? Na kadi ya gari iko wapi, na ina jina la nani? Mali ya marehemu haiuzwi na kijana aliyesimama karibu nayo. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi jambo hilo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Ukiwapa fedha leo, halafu dada yao aliyeolewa Tabora akaja kuuliza, utakuwa umenunua ugomvi wa ukoo wako mwenyewe kwa milioni 5, na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, haitabadilisha umiliki kwa neno la shemeji. Pia linganisha namba ya chesisi iliyoko kwenye kadi na ile iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, upande wa mbele kulia karibu na springi; rangi kwanza iondolewe kwa brashi ya waya, kwa sababu mara nyingi namba imefunikwa. Magari haya yalipitia mikono ya serikali, misheni na miradi, yakabadilishwa injini na hata chesisi, na si kila badiliko liliandikwa.

Kuhusu matumizi ya kila siku sitasema mengi. Land Rover hiyo itakunywa lita moja ya petroli kwa kilomita 5 au 6, wakati 404 yako ikiwa nzima huenda mbali karibu mara mbili. Kwa upande wa matairi Land Rover inakushinda, maana tairi za 7.50-16 zinauzwa kila mji kwa sababu ya magari mengine ya kazi, ilhali tairi za 404, za inchi 15 na nyembamba, ni za kuagiza. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni spana: Peugeot ni ya milimita, Land Rover ya Series ni ya inchi, kwa hiyo utahitaji seti mbili za vifaa, na fundi mwenye haraka atatumia spana ya milimita kwenye nati ya inchi mpaka aiharibu pembe. Gari la pili la aina tofauti linakuletea stoo ya pili ya spea na vitabu vingine vya ufundi, na huenda likahitaji fundi mwingine kabisa. Kama ingekuwa 404 nyingine, au hata 504, ningekuwa mpole zaidi.

Lipo pia suala la fundi mwenyewe. Gereji za Dodoma zimeongezeka sana tangu wizara zilipohamia, lakini nyingi zinaishi kwa magari ya Japani yenye kompyuta, na kijana hodari wa kusoma makosa kwa mashine anaweza asijue kurekebisha kabureta ya Solex ya 404 wala Zenith ya Land Rover. Wale wazee wanaojua ni wachache, na saa zao ndizo adimu kuliko fedha zako. Ukimpa mzee huyo magari mawili, atafanya nusu ya kila moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mke wako wiki hii, si kwa kumwomba ruhusa ya kununua bali kwa kumweleza kwamba umeiona na unaifikiria, maana uani ni kwake pia na Land Rover ya 109 haifichiki nyuma ya tangi la maji. Kisha waombe wale vijana wainyanyue gari juu ya mawe ili springi na matairi yapumzike, wafunge mdomo wa kabureta na wa ekzosi, na waanze utaratibu wa mirathi, ambao wanauhitaji hata usiponunua. Kwa hiyo miezi itapita bila wewe kuvunja heshima na bila kutoa kishika nafasi. Hedi ikirudi na 404 ikaenda Kondoa, kilomita zipatazo 160 za lami, ikarudi na mshale wa joto mahali pake, na bado ukawa unaiona Land Rover ukiwa kikaoni, basi nenda na nyundo. Akitokea mtu mwingine katikati akainunua, mwache. Mpwapwa na Kongwa zina miti mingi na chini ya mingi kuna chuma. Nchi iliyopokea matrekta ya mradi wa karanga wa Kongwa mwaka 1947 haijawahi kupungukiwa na vyuma vilivyosimama.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mume wangu ana pikapu ya Datsun 1200 ambayo anaipenda kama mtoto. Mwaka jana alinunua nyingine iliyopata ajali, akasema ni ya kutolea spea. Mpaka leo haijatolewa hata skrubu moja, na sasa nyuki wamehamia ndani ya kebini na watoto hawachezi tena uani. Juzi nimemsikia akizungumza kwa simu kuhusu ya tatu. Nifanye nini?
Mama wa watatu, Singida

JIBU: Dada yangu, kwanza nyuki. Usiruhusu mtu awachome moto, kwa ajili ya nyuki na kwa ajili ya pikapu pia. Singida haikosi warina asali, mtafute mmoja aje jioni na mzinga awahamishe, na huenda ukabaki na asali.

Kuhusu mume wako, dai lake si la uongo. Gari la kutolea spea ni njia halali na ya zamani ya kuishi na gari ambalo kiwanda chake kimeacha kulijali, na kwa Datsun 1200 kioo cha mbele, taa, mishikio ya milango na giaboksi nzima vinaweza kuwa na thamani kuliko bei aliyolipa kwa gari lote. Tatizo ni kwamba gari la spea lisilofunguliwa si spea bado. Linaendelea kupigwa na jua, raba zinapasuka, panya wanakula nyaya, na siku atakayohitaji distributa ataikuta imeganda. Kwa hiyo usimwambie aliondoe, mwambie alifungue. Atoe injini na giaboksi avihifadhi vimefunikwa na kupakwa oili, vioo avisimamishe wima ndani ya mablanketi, vitu vidogo aviweke kwenye ndoo zenye vifuniko na maandishi, na bodi iliyobaki auze chuma chakavu baada ya kuuliza TRA utaratibu wa kufuta usajili. Kazi hiyo mtu mmoja mwenye kijana wa kumsaidia anaimaliza mwishoni mwa wiki chache. Mpe tarehe, na uiandike kwenye kalenda ya sebuleni mbele ya watoto.

Na ya tatu, asiguse mpaka ya pili iwe imeingia kwenye ndoo. Akikubali sharti hilo, nawe ukubali kutenga kona moja ya stoo, maana ukimnyima stoo atarudisha kila kitu ndani ya kebini.

SWALI: Mhariri, nina Peugeot 504 na nimepata nyingine kwa bei nzuri hapa Kondoa, lakini rafiki yangu ananitisha kwamba magari hayo yaliundwa kwa petroli yenye risasi (yale madini, si ya bunduki), na kwamba petroli ya siku hizi itayaua yote mawili. Je, ni kweli?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Rafiki yako ana nusu ya habari. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo 504 yako imekwisha kunywa isiyo na risasi kwa miaka mingi na bado iko hai. Risasi ilisaidia kulinda vikalio vya valvu, na hatari ya kweli huwa kwa injini za zamani ambazo vikalio vyake vilichongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma laini, zikiendeshwa kwa mwendo mkali na mzigo mzito. Hedi ya 504 ni ya alumini, na alumini haiwezi kubeba valvu yenyewe, kwa hiyo kiwandani ilipachikwa pete za chuma kigumu. Kinachopaswa kukutia hofu kwa hiyo gari ya pili ni tenki. Kama imesimama muda mrefu, kutu na uchafu vimetulia chini, na siku utakapoiwasha vitakwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Shusha tenki, lioshwe, badilisha mipira yote ya petroli, kisha weka chujio dogo la plastiki angavu kabla ya pampu, mahali unapoweza kuliona ukifungua boneti, na ulibadilishe kila linapogeuka rangi.